Kaburi Nililolikana

Koku, binti yangu,

Wenye barua huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naiona kupitia dirisha: umekaa uani kwenye kigoda, shangazi yako anakunyoa nywele kwa ajili ya mafunzo, na kila zinapodondoka unashika kichwa kama mtu aliyeibiwa. Mama Deo anamenya ndizi na kuwacheka nyote wawili. Watu wanaosikiana mpaka kikohozi hawana haja ya barua. Lakini jambo hili nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu wiki hii, na mara zote nimeishia kukuuliza kama umekula. Kwa hiyo nimechukua daftari lako la zamani, nimejifungia chumbani, nimesema kichwa kinaniuma. Huo nao ni uongo, ila mdogo.

Ya soksi, dawa ya mbu na namna ya kuishi na watu bwenini umeshaambiwa na watu saba. Sitakuwa wa nane.

Juzi, Mama Deo alipoingia na mzigo wake kichwani, ulimrukia mpaka mzigo ukaanguka. Jirani akauliza huyu ni nani, nawe ukamwambia, kifua mbele: "Huyu ni Mama Deo. Walipoondolewa, mama yangu peke yake ndiye aliyesimama nao. Alilia njia nzima, akawapa na redio yake." Mama Deo akaitikia, "Ni kweli kabisa." Mimi nikainama nikajidai kupuliza moto, na moto wenyewe ulikuwa unawaka vizuri.

Kulia nililia. Redio nilitoa. Lakini walipoandikwa majina, neno lililowaondoa lilitoka kinywani mwangu. Kesho unakwenda kujifunza kazi ya uhamiaji, utakuwa mtu wa kuuliza maswali mpakani, na sitaki uende ukiwa umebeba mama ambaye si mimi.

Nianze mbali kidogo. Ulipozaliwa niliugua, nikalazwa wiki nyingi, maziwa yakakauka. Baba yako, Mungu amrehemu, alirudi nawe hapa kijijini Kamuli, amekuzungushia kanga, hajui la kufanya na kitu kidogo kinacholia hivyo. Pembeni ya kibanja chetu, shamba hili la migomba linalotuzunguka, walikuwa wanakaa Sebastiani na mkewe Verediana. Walikuwa wamevuka mto wa mpakani kutoka ng'ambo kutafuta kibarua, na baba yako akawapa mahali pa kujenga kijumba. Verediana alikuwa amejifungua mwanawe wa kwanza, Deo, mwezi huohuo. Hakungoja kuombwa. Alikupokea akakuweka ziwa la kushoto, Deo akabaki na la kulia. Niliporudi nimekonda kama ufito nilikukuta umenona, na nilipokunyooshea mikono ulinigeuzia kisogo. Nilikasirika sana! Ilinichukua muda kujua kwamba ile hasira ilitakiwa kuwa shukrani.

Deo hakumaliza mwaka wa pili. Homa ilimchukua kwa siku mbili. Sasa, wewe ni mtoto wa huku, unajua kwamba sisi tunazika nyumbani, kwenye kibanja, na mtu asiye na kibanja hana pa kumlaza mtu wake. Sebastiani alikuwa amekaa na maiti ya mwanawe mapajani, haulizi, haombi. Baba yako akamwambia, "Hawa walinyonya pamoja. Alazwe hapa." Akamwonyesha kona ya juu, kule migomba inakopakana na mibuni. Wakamzika, na Sebastiani akachomeka juu yake kijiti cha omuramura, ule mti tunaoupanda kwenye mipaka na makaburini kwa kuwa hata ukikatwa haufi.

Ukakua ukimwita Mama Deo kila siku ya Mungu bila kuuliza huyo Deo yuko wapi. Sikulaumu. Walikuwa wameshapata wale mabinti wawili uliocheza nao, ukadhani ni jina tu. Nami sikukuambia, kwanza kwa sababu ulikuwa mdogo, halafu kwa sababu nilikuwa mwoga.

Kibanja chetu wakati ule kilikuwa kinasimuliwa. Watu walikuja kuangalia mikungu. Nami nilipokea sifa zote, nikisema ni mbolea, ni udongo, ni maombi. Ilikuwa kazi ya Sebastiani. Ndiye aliyekwenda kukata nyasi kwenye rweya, kule wanakochungia ng'ombe, akazibeba kichwani na kuzitandaza chini ya migomba kabla ya mvua. Ndiye aliyepunguza machipukizi, kila shina akaliachia mama, mtoto na mjukuu, basi. Na hakuwa yeye peke yake. Huku Kamuli, kule Nyakatuntu, kote tunakojisifu kwa ndizi na kahawa, mikono mingi iliyokuwa shambani ilikuwa imevuka mto. Tulijua wote. Hatukusema, maana kila mtu anapenda kuamini kwamba anachokula amekiotesha mwenyewe.

Kisha baba yako akafariki. Ulikuwa darasa la pili. Hukujua kilichokuwa kikiendelea baina yangu na baba yako mdogo, kwa sababu mbele yako alikuwa anakuletea pipi. Kwangu alikuwa anakuja jioni kusema kwamba kibanja ni cha ukoo, kwamba mjane kijana ataolewa kwingine, kwamba tayari nimefuga wageni na mwisho wake nitawagawia ardhi ya babu zake. Nilikuwa nalala na hofu hiyo na kuamka nayo.

Mwaka uliofuata likaja zoezi la kuhakiki watu waliokaa bila vibali. Nikuambie haki, Koku: sikupinga, na hata leo sisemi lilikuwa wazo la bure. Ng'ombe walikuwa wanaibwa na kuvushwa, watu walikuwa wanavamiwa barabarani wakitoka mnadani, na hakuna aliyejua nani ni nani. Nchi isiyo na mpaka ni kama kibanja kisicho na omuramura. Kila siku mtaamka na ugomvi. Mimi mwenyewe kanisani nilisema amina.

Tukaitwa kwenye ofisi ya kijiji, kila mwenye kibanja na watu anaokaa nao. Aliyekuwa mezani alikuwa kijana mpole, alinipa shikamoo, akanitafutia na benchi. Akaeleza kwamba asiye na karatasi ataondoka, lakini waliokaa muda mrefu na kuzika watu wao hapa, hao atawaandika ukurasa wa pembeni, shauri lao litazamwe upya, waweze kuomba vibali. Niliyasikia vizuri maneno hayo. Sina kisingizio cha masikio.

Zamu yetu ikafika. Baba yako mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu, karibu mpaka naisikia pumzi yake.

"Unaitwa Mama Deo," kijana alimwambia Verediana. "Deo mwenyewe yuko wapi?"

Verediana akanitazama, maana mimi ndiye niliyekuwa shahidi. Nikawahi.

"Hayupo hapa, waitu," nikasema kwa heshima.

"Mama, wana kaburi lolote kwenye kibanja chako?"

Unajua kaburi ni nini kwetu. Ndiyo hati ya mtu. Mtu akizika mahali, ameshika mahali. Ningesema ndiyo, baba yako mdogo angekuwa na neno alilokuwa analitafuta: shemeji yake ameshagawa ardhi ya ukoo kwa wageni, na ushahidi uko chini ya udongo. Nilikuona wewe, nikaona kijumba cha kupanga mjini Omurushaka, nikaona migomba ya baba yako mikononi mwa mwingine.

"Hawana," nikasema.

Kijana akaandika. Kalamu yake haikusita, kwa nini isite? Aliuliza swali zuri, akajibiwa na mtu mzima anayeaminika. Sebastiani akatazama miguu yake. Verediana hakusema kitu.

Siku ya kuondoka ndiyo hiyo unayoikumbuka, ya machozi na redio. Usilolikumbuka ni maneno ya Sebastiani akiwa tayari juu ya gari. Aliniita, nikadhani sasa atanilaani. Akasema, "Mama Koku, mvua iko karibu. Usiache kutandaza nyasi kule juu, udongo wa kule ni mwepesi." Mtu anaondolewa, anakuachia ushauri wa shamba.

Na bado sikutosheka. Baada ya wiki nilipanda hadi kona ile, nikaung'oa omuramura, nikautupa kwenye uzio, nikafukia pale na kupanda mgomba juu yake. Nilijiambia ni kwa usalama wako. Koku, ukitaka kujua mtu anavyoharibika, usitafute siku aliyofanya kosa kubwa. Tafuta wiki inayofuata, anapolifagia.

Yaliyofuata uliyaona kwa macho ya mtoto, acha nikusimulie kwa yangu. Kahawa iliiva, na hapakuwa na wa kuchuma. Mimi na wewe tulichuma mpaka vidole vikawa vyeusi, nyingine ikadondoka ikaozea chini, na majirani vivyo hivyo. Vibarua wachache waliobaki wakajua thamani yao wakapandisha bei, na hawakukosea. Nyasi hazikutandazwa. Migomba ikaota kama ukoka, mashina kumi penye nafasi ya matatu, mikungu ikawa ya kuona haya. Gari la wanunuzi lililokuwa linakuja Kamuli kila wiki likaanza kuja linapojisikia. Pale Omurushaka, yule mama wa mitumba tuliyekununulia sweta kwake aliniambia, "Nilidhani wateja wangu ni nyie wenye vibanja. Kumbe walikuwa wale wa kwenye vijumba!" Hakufika Krismasi, akafunga biashara.

Na darasa lenu. Mlikuwa mnakaa wanne kwenye dawati, mnasukumana. Mkarudi kutoka likizo kila mmoja ana nafasi ya kuweka na kiwiko. Ulifurahi, ukaniambia sasa mwandiko wako utakuwa mzuri. Mwezi haukuisha wakahamisha mwalimu wako wa hesabu, kwa kuwa watoto hawakutosha kwa mikondo miwili. Ulilia siku nne. Kila ulipolia nilitaka kukuambia ni mimi niliyemhamisha.

Wapo walionufaika, nisiseme nusu. Wafugaji walipata nafasi ya kuchungia bila ugomvi na wakataji nyasi, wizi wa ng'ombe ulipungua kwa muda, na vijana wetu wawili watatu wakapata vibarua walivyokuwa wanavidharau. Kisha vijana haohao wakaona kazi ni ngumu, wakapanda mabasi, na vijumba vya pembeni vikabaki vya panya. Niliwahi kudhani mtu akiondoka kijijini anaacha nafasi kwa mwingine. Sasa najua mara nyingi anaacha pengo tu, na pengo halilimi.

Baba yako mdogo, aliyekuwa ananitisha, alipoona kibanja kimechakaa alikiacha. Hakukitaka tena! Niliilinda nyama isiibwe na mbwa, nikaiacha ikaoza. Unaweza kucheka hapo, mimi nilishacheka peke yangu.

Ulipopata barua ya kuitwa kwenye mafunzo, nilipiga vigelegele pamoja na wengine, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa. Niliona Mungu ananitania. Nikamwomba yule mfanyabiashara wa Omurushaka anayevuka na bidhaa zake aniulizie watu wawili huko ng'ambo. Ilichukua muda, lakini siku moja simu ikalia, sauti ikasema, "Mama Koku, ni mimi. Mtoto yule hajambo?" Alimwulizia kwanza mtoto aliyemnyonyesha.

Nikamwalika aje kukuaga. Ulimwona alivyofika, kabla hata ya kunywa maji akatoa pasi yake ya kusafiria na kukuonyesha muhuri, akakuuliza kama na wewe utakuwa unagonga hivyo hivyo. Amepita mlangoni safari hii, mchana, jina lake limeandikwa sawasawa. Nilivyofurahi kuuona muhuri ule huwezi kujua. Mpaka wenye mlango na mtu anayeuliza vizuri, huo ndio mpaka ninaoutaka.

Jana asubuhi, wewe ukiwa umekwenda kwa mchungaji, nilimpeleka kona ya juu. Njiani nilikuwa nimepanga maneno, tulipofika yote yakanitoka, nikasema tu, "Siku ile niliulizwa kama mna kaburi."

"Najua," akasema. "Si nilikuwa nimesimama ubavuni kwako?"

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini, waitu? Shemeji yako alikuwa nyuma yako. Ningefichua uongo wako mbele yake, kesho yake angekufukuza na wewe na mtoto. Tungeondoka wote." Akatazama migomba. "Nani angebaki na Deo?"

Koku, miaka yote hii nilidhani amenyamaza kwa hofu. Alinyamaza ili mwanawe asilale peke yake. Alinikabidhi mimi.

Halafu akauliza, "Omuramura uko wapi?"

Nilimwambia. Hapo ndipo alipokasirika. Uongo alikuwa ameusamehe zamani, lakini mti hakuujua. Alikaa chini, akanipa mgongo, na sikuthubutu hata kukohoa. Jua lilipanda, likatuchoma. Mwisho akauliza niliutupa wapi. Nikamwonyesha uzioni. Unaijua ile miti mirefu yenye majani kama panga, ambayo wewe na wenzako mlikuwa mnajificha nyuma yake? Ule omuramura nilioutupa ulishika udongo wenyewe. Umekuwa miti mitano.

Akaenda akaushika mmoja, akaweka paji la uso juu yake. Kisha akanyoosha mkono bila kunitazama. "Leta panga." Akakata tawi, akachimba mwenyewe, kisha akaniambia, "Shika hapa, usiliachie lilale." Nikashika, yeye akashindilia udongo. Hakuniambia amenisamehe, wala sikumwuliza. Mchana alikula chakula changu akaomba aongezewe chumvi, nami nikashukuru kwa chumvi ile kuliko ninavyoweza kuandika.

Baada ya chakula tulikwenda wote wawili kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nikamwambia mbele ya watu waliokuwepo kwamba katika kibanja cha marehemu mume wangu kuna kaburi la Deo, mwana wa Sebastiani na Verediana, na kwamba nilipoulizwa zamani nilisema halipo. Mzee akanitazama juu ya miwani, akaandika. Sijui jambo hilo litakuwa na kazi gani katika sheria, hilo utaniambia wewe ukihitimu. Ila halitakuwa siri ya mtu tena. Sebastiani hakuweza kuja, mguu wake mmoja haumruhusu safari, lakini alipopigiwa simu alitaka kujua jambo moja tu: "Nyasi kule juu mnatandaza?"

Sasa kuhusu kazi yako. Sikutumi ukafungue mlango kwa kila mtu kwa sababu mama yako ana majuto. Fuata sheria, vaa sare yako, simama wima, nitakuonea fahari. Ninalokuomba ni dogo. Utakapokuwa mezani, ukauliza swali zuri na ukajibiwa haraka na mtu mzima anayeaminika, mkumbuke mama yako. Huenda anayejibu ana shemeji nyuma yake ambaye wewe humwoni. Mgeukie na aliye kimya, mwulize yeye mwenyewe, mpe muda. Yule kijana mpole hakukosa, lakini kama angemrudia Verediana mara moja tu akangoja jibu lake, huenda nisingekuwa na barua hii ya kuandika.

Namshukuru Mungu kwa ajili yako. Namshukuru kwa maziwa ambayo hayakuwa yangu, kwa kibanja kilichonivumilia, kwa mti nilioutupa ukakataa kufa. Nashukuru hata kwa wewe ulivyonigeuzia kisogo ukiwa mchanga. Ulikuwa unamjua aliyekulisha, na hilo usilipoteze.

Kesho amka mapema kidogo, upande mpaka kona ya juu. Nimefyeka njia. Utaona omuramura mchanga na udongo bado mbichi. Muage kaka yako, mwambie unakwenda kazini.

Ukitoka hapo, kama bado utataka nikusindikize mpaka Omurushaka, utanikuta mlangoni nimeshavaa, na kahawa yako ya kutafuna nimekufungia kwenye jani la mgomba. Na kama hutataka, nitaelewa. Mama Deo atakusindikiza. Yeye ndiye aliyekubeba mwanzo.

Mama yako